Kabla Hujatoboa Paa

Kabula mwanangu,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu, na wewe uko hapo nje unasugua matairi ya gari lako. Dirisha liko wazi, nakuona mpaka kisogo. Ningeweza kukuita ukaingia na mikono yako ya povu, ukakaa pembeni ya kitanda nikakueleza kwa mdomo. Lakini sisi wawili tunajuana. Ningesema maneno mawili, wewe ungesema, "Mama, umeanza tena," na mimi ningekasirika kwa sababu ni kweli nimeanza tena. Wiki nzima hii tumekuwa tukipishana mlangoni kama wapangaji. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo unayajua kuliko mimi, na yule mwenzako wa biashara Neema anayekusubiri Chato naye ana akili zake. Nataka kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, unakatakata mchicha, ukaniuliza bila hata kuinua kichwa: "Mama, wewe umeishi kwenye gari. Paneli za sola nizifunge juu ya paa, au ninunue zile za kukunja niwe naziweka chini?" Nikanyanyuka nikaenda kuangalia kuku, wakati kuku walikuwa wamekwisha kula. Ulidhani ni hasira za safari yako. Hukukosea sana, kwa sababu hasira zipo. Ila siku ile lililoninyanyua ni swali lenyewe.

Najua kesho ukifika Kahama fundi atakuwa anakusubiri na drili yake. Najua ameshapima na kuchora alama za chaki kwenye paa. Anakwambia za paani ndizo za kisasa, zinachaji hata ukiwa barabarani, wageni wako wa kupiga kambi watakuta friji lina baridi na maji ya kunywa yamepoa. Hasemi uongo. Lakini kabla hajatoboa, nataka ujue lililotupata sisi. Vipande vipande umesikia. Kisa chote sijawahi kukupa.

Nilipoolewa na baba yako niliingia mji wa wakwe zangu, upande ule wa mashamba ya mpunga. Yeye alikuwa mtoto wa mwisho, kwa hiyo mimi nilikuwa mke wa mtoto wa mwisho, na kila mtu katika ule mji alikuwa na ruhusa ya kunituma. Hawakuwa watu wabaya. Bibi yako alinipenda kwa namna yake. Lakini nilikuwa nikiamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na katikati hapakuwa na saa hata moja iliyokuwa yangu. Nilikuwa nikienda kuchota maji nachelewa makusudi, nakaa kwenye ukingo wa lambo, natazama tu malori yanavyopita barabara kuu kuelekea Kahama.

Kwa hiyo siku baba yako alipoingia uani na gari aina ya haisi, kuukuu lisilo na viti, moshi umejaa, nilikuwa wa kwanza kulipenda. Wengine walicheka. Kaka yake aliuliza kama amenunua banda la kuku. Baba yako alikuwa fundi redio, alikuwa na mikono mizuri, na alikuwa ameona kitu ambacho wengine hawajakiona bado: kwamba kule kwenye rashi, dhahabu inapoibuka porini na watu wakamiminika kwa maelfu, hakuna umeme, na kila mchimbaji ana simu na tochi ya kichwa. "Tutawauzia chaji," aliniambia. "Rashi ikihama, nasi tunahama. Nyumba yetu ina magurudumu." Nilifungasha siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa mgongoni.

Nataka ujue kwamba mwanzo ulikuwa mzuri. Usije ukadhani mama yako alichukia kulala garini tangu siku ya kwanza. Tulikuwa na paneli moja tu, ya kubeba mkononi, na waya mrefu. Tulikuwa tunaegesha chini ya mti wenye kivuli kizito, halafu baba yako anaitoa paneli mpaka kwenye jua, anaiegemeza kwenye jiwe ikitazama inakotakiwa kutazama. Sisi kivulini, yenyewe juani. Ndani ya gari kulikuwa na ubaridi mchana kutwa. Jioni tunakunja waya, na watu wakisema upande wa pili wa pori wamepata, asubuhi tunawasha tunakwenda. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nikiimba, Kabula. Baba yako ni shahidi.

Tatizo la paneli ya chini ni kwamba mali inakuwa imelala nje, na mali iliyolala nje inataka mtu. Baba yako alikuwa ndani na simu za watu, anabandika namba, anagombana na waya. Aliyebaki ni mimi. Nilipewa kiti cha mbao kando ya paneli. Jua likisogea nasogeza paneli, nasogeza kiti. Mbuzi akija namfukuza. Watoto wakicheza mpira natetemeka. Kuna mchimbaji mmoja alikuwa anakuja kila asubuhi na wembe, anachuchumaa mbele ya paneli ananyoa ndevu kwa kujitazama humo, nami namwambia, "Kaka, unaziba jua," naye ananijibu, "Dada, subiri shavu la pili." Nacheka sasa. Wakati ule nilikuwa nikienda chooni naibeba kwapani. Maji nachotewa. Sokoni sikwendi. Wewe ukilia ndani nakuita kwa sauti, uje mwenyewe, kwa sababu nikiinuka tu kuna mtu ananitazama nikiinuka.

Siku moja nilimwambia, "Baba Kabula, nimetoka mji wa wakwe nikaingia kwenye kiti. Mimi nimekuwa mbwa wa hiki kioo."

Alicheka. Halafu akaona sicheki. Akasema taratibu, "Nitakutoa hapo."

Na alinitoa. Kwa hilo simlaumu hata leo. Alikwenda Kahama akarudi na paneli kubwa, akapanda juu ya paa na kushinda huko kutwa. Alizilaza bapa kwenye bati lenyewe, akazigandisha kwa gundi, akapiga na ribiti pembeni, akapitisha nyaya kwenye tundu la paa na kuliziba. Nilipanda ngazi kumpa maji. Alinishika mkono akaugongesha kwenye kioo ili nisikie jinsi zilivyoshika. "Mwizi atang'oa nini hapa?" alisema, jasho linamtiririka. "Hata mimi mwenyewe siwezi kuzing'oa."

Nilifurahi, mwanangu. Nilikiweka kile kiti ndani nikakigeuza meza ya vyombo.

Lakini paneli ya paani inakwenda gari linakokwenda, na gari likikaa kivulini nayo iko kivulini. Tawi moja tu likitupa kivuli juu ya pembe, chaji inashuka kama umefunga bomba. Kwa hiyo tukauaga mti. Tukaegesha uwanjani, mahali ambapo jua linapiga tangu linapochomoza mpaka linapozama. Na kwa kuwa hakuacha hata upenyo wa hewa kati ya paneli na bati, lile joto lote lilikuwa linashuka ndani. Mishumaa yangu ilipinda. Sabuni iliyeyuka. Ulikuwa ukilala mchana unaamka nywele zimelowa kama umetoka kuogelea. Na vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe, lilikuwa linatua juu ya paa usiku na mchana. Kila asubuhi baba yako yuko juu na kitambaa, anafuta. Mimi nilitoka kitini, yeye akapanda paani.

Biashara ilikua, siwezi kukataa. Taa yetu ilikuwa inaonekana mbali. Na kwa kuwa palikuwa na taa, watu wakaja kukaa karibu na taa. Wa kwanza alikuwa Mama Shija, unamkumbuka, yule mpika wali na maharage mwenye kicheko kikubwa. Aliweka jiko lake mbele ya gari letu, mafiga na turubai. Alikuja kwa heshima: "Mama Kabula, nisogezee kidogo tu." Tukamsogezea. Ubavuni akaja kinyozi. Ubavu wa pili akaja muuza mitumba. Nyuma akaja mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima aliyekuwa akiitwa Bosi na kila mtu, akajenga kibanda cha mabati chenye kufuli, na mzani ndani. Kila mmoja alibisha hodi. Kila mmoja alitaka padogo tu. Tulifurahi, tukadhani tumepata majirani, na ni kweli walikuwa majirani.

Kuna asubuhi nilikuwa natandika kitanda nikatazama kwa kioo cha mbele, nikaona sufuria. Nikatazama nyuma, bati. Kushoto, suruali zimening'inia. Nikamwuliza baba yako, "Tukitaka kuhama leo, tunatokea wapi?"

"Tuhame twende wapi?" alisema. "Wateja wako hapa."

"Nimeuliza tunatokea wapi."

Aliendelea na kazi yake, si kwa dharau. Alikuwa anahesabu simu. Nami sikuuliza tena. Nilichungulia matairi nikaona udongo umepanda mpaka karibu na rimu, na majani yameota kati ya tairi na tairi. Nilihisi kitu kinanibana. Nilikijua kitu kile. Kilikuwa kikinibana kule kwa wakwe, kabla ya kwenda lamboni. Ila hapa hapakuwa na lambo la kwenda kukaa, maana lile gari ndilo lililokuwa lambo langu.

Masika yalipofika, mawingu yakakaa. Paneli zimelala bapa, haziwezi kugeuzwa kufuata mwanga mdogo uliopo, na zimechafuka. Chaji ikawa haitoshi. Baba yako akafanya mawili. Kwanza akaitoa ile paneli ya zamani uvunguni, maana hiyo ingeweza kuinuliwa na kugeuzwa, nami nikarudi kwenye kiti. Pili, akaanza kuchota umeme kwenye betri ya gari lenyewe, ile ya kuwashia injini. Alisema gari lenyewe haliendi popote, betri inakaa bure.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, kabla ya mvua, ule mchana ambao hewa inasimama. Ulikuwa hujaanza shule. Ulikuwa na homa tangu asubuhi, nilikupa dawa, ukalala ndani, milango yote wazi. Mimi niko nje kwenye kiti, hatua chache tu, nakusikia ukigeuka. Kuna vijana wawili walikuwa wanazungukazunguka, wanauliza bei ya chaji, wanaondoka, wanarudi. Kwa hiyo sikuinuka.

Halafu nikasikia bati likigongwa. Polepole, halafu haraka. Nilidhani unacheza. Nikaita, "Kabula!" Bati likaendelea kugongwa. Ilikuwa miguu yako. Nilipoingia ulikuwa umekakamaa, macho yamegeuka juu, visigino vinapiga ubavu wa gari, na mwili wako unawaka kiasi kwamba niliposhika shingo yako mkono ulirudi wenyewe. Nilipiga yowe. Baba yako aliruka kutoka paani.

Nilipotoka na wewe mikononi, paneli haikuwepo. Kilichobaki ni waya umelala kwenye tope. Nakwambia hivi: niliuona ule waya na sikusikia chochote. Miezi yote ile ya kukaa kitini, na ilipoondoka nilikuwa kama mtu aliyeondolewa kibuyu kichwani.

Baba yako aliingia kwenye usukani akazungusha ufunguo. Gari likafanya ta. Akazungusha tena. Ta.

"Betri," alisema. Hakunitazama.

Mama Shija alikuwa amekwisha kuja, akakushika uso, akakumwagia maji kichwani, akamgeukia baba yako: "Baba Kabula, sukumeni! Mnangoja nini?"

"Litapita wapi, Mama Shija? Jiko lako liko mbele."

Yule mama alichukua panga akakata kamba za turubai lake mwenyewe, wali uko motoni. Turubai likaanguka juu ya sufuria. Akapiga teke mafiga, mchuzi wa maharage ukamwagika, akawa anapiga kelele, "Piteni! Piteni!" Sijawahi kumwona mtu akivunja mji wake kwa haraka vile. Wachimbaji wakaja, wengi, wamejaa vumbi, wakaweka mabega. Kule nyuma walitaka nafasi ya kusimama wasukume vizuri, lakini kibanda cha Bosi kilikuwa kimebana. Wakamwambia atoe angalau ukuta wa mbele. Alisimama mlangoni mikono ameitanua: "Nisubirini nihamishe mzani. Dakika moja. Humu kuna mali za watu." Sidhani alikuwa mtu mkatili. Alikuwa kama sisi tu, kitu chake kimemshika.

Wakasukuma hivyo hivyo. Gari liliinuka kidogo, likasogea kama mtu anayejigeuza usingizini, halafu likarudi kwenye shimo lake. Wakasukuma tena. Likarudi. Lilikuwa limejichimbia mahali pake, Kabula. Mvua ikaanza.

Akatokea kijana wa bodaboda, sijui nani alimwita. Akasema, "Mama, panda." Nikapanda, wewe katikati yetu, Mama Shija akatufunga wote kwa khanga yake. Palikuwa na pikipiki nyingine nyuma yake, imewashwa, inangoja. Nikamgeukia baba yako. Alikuwa amesimama na mkono mmoja juu ya paa la gari.

"Twende," nikamwambia.

"Nani atabaki na gari?"

"Liache."

Alitazama juu, kwenye zile paneli. Alitazama watu, maana walikuwa wengi, na paneli ya chini ilikuwa imeibwa muda huo huo hatua chache kutoka kwetu. Hata ribiti zinang'oka kwa mtu mwenye nyundo na nafasi. Nilimwona akipiga mahesabu usoni, na niliona hayo mahesabu yakimuumiza. Akasema, "Tangulia. Nakuja."

Njia ile sitaisimulia yote. Tope, mvua, mito midogo iliyokuwa imejaa. Kila tulipovuka mahali pabaya yule kijana alikuwa anauliza bila kugeuka, "Anapumua?" Nami naweka sikio kwenye mdomo wako, nasema, "Anapumua." Tunakwenda. "Anapumua?" "Anapumua." Hivyo mpaka barabara ya lami, hivyo mpaka hospitali Ushirombo. Wauguzi walikupokea kabla sijashuka vizuri. Yule kijana alikaa kwenye ngazi, amelowa, mpaka alipoambiwa umetulia. Ndipo akaondoka. Jina lake sikulipata, na nimelitafuta mara nyingi kwa Mama Shija bila mafanikio.

Ulipoamka uliomba ugali na dagaa. Nililia mbele ya wodi nzima.

Baba yako alikuja wakati umeshaanza kukimbia kwenye korido. Alikuwa amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Alikubeba, akakunusa kichwani kwa muda mrefu. Halafu alinitazama, na neno la kwanza alilosema ni, "Bado halijatoka."

Nafikiri ndoa yetu ilisimama pale, kwenye maneno yale mawili. Sikumgombeza. Alikuwa amechoka, na alikuwa amechimba chini ya matairi kwa mikono. Nikamwambia mimi na mtoto tunarudi huku kwetu Tinde. Akasema sawa, mpaka kiangazi, akilitoa gari atatufuata. Kiangazi kilikuja. Na kingine.

Unamjua baba yako kama mtu wa Krismasi, anayekuja na sukari na vitenge, anakaa karibu na mlango, na kabla ya mwaka mpya anasema ana wateja. Ulipokuwa mkubwa ulianza kumchukia kidogo, niliona. Usimchukie. Ile rashi ilikufa siku nyingi. Mama Shija, ambaye sasa ana mgahawa Ushirombo, aliniambia kwa simu kwamba vibanda vyote vimeondoka, cha Bosi pia, na mbele ya lile gari hakuna kitu, ni njia nyeupe mpaka barabarani. Baba yako angali pale. Anachaji simu za wakulima wa jirani. Amepanda mihogo kuzunguka gari. Nilipomsikia Mama Shija akieleza, nilijiona nimemwelewa baba yako zaidi kuliko nilivyotaka. Mtu akikaa sana mahali alipobanwa, hata wakiondoa vilivyombana anabaki na umbo lake.

Najua hivyo kwa sababu nami niko hivyo. Wewe hujui, ama unajua na umenyamaza. Tangu tuliporudi sijapanda gari lililofungwa milango. Soko naenda kwa miguu. Harusi ya mama yako mdogo Kahama nilisema naumwa mgongo. Uliponiomba nije mahafali yako nilisema kuku wana ugonjwa. Nilijenga nyumba hii ya matofali, nikaweka mageti na makufuli, nikawaambia watu nimetulia. Na wewe uliponiambia umenunua gari la kulala, utakuwa unapeleka watu kupiga kambi huko hifadhi ya Burigi na ufukweni mkabala na kisiwa cha Rubondo, nikapandisha sauti nikasema maneno kuhusu wasichana na barabara. Hayakuwa ya barabara. Niliona lile bati, nikasikia visigino vyako.

Sasa nikujibu, maana fundi anangoja.

Ningekuwa mimi, ningefunga paneli moja ndogo juu ya paa, ya kutosha friji na taa, nikaiacha ikae kwenye keria yenye upenyo wa hewa chini yake. Iwe na bolti na nati, na spana yake ikae kwenye droo ya karibu, ili siku ukitaka kuishusha uishushe mwenyewe bila kumwomba mtu. Mwambie fundi hapana kwa gundi. Atakubishia. Mwache abishe. Halafu ningenunua ile ya kukunja, nyepesi, na waya mrefu, ili uegeshe kivulini wageni wako walale vizuri na yenyewe ikatafute jua. Ukiona inaanza kukukalisha kitini, ikunje uiweke ndani, usiku huo mtumie mishumaa, hakuna atakayekufa kwa kukosa maji ya baridi. Betri ya injini isiguswe na kitu kingine chochote, hata wageni wakikulilia. Na popote utakapoegesha, pua ya gari itazame njia.

Ndiyo jibu la paneli. Fundi angeweza kukupa karibu yote hayo. Ninaloweza kukupa mimi peke yangu ni hili: siku utakapotakiwa kuondoka, hutakuwa na muda wa kufikiri. Utafanya kile ulichokuwa ukikifanya kila siku. Baba yako alikuwa akilinda kila siku, kwa hiyo alilinda. Fanya kuondoka kuwe mazoea yako, hata mahali unapopapenda, hata wateja wakiwa wengi. Na ukiona mimi ndiye ninayekuzuia, ondoka pia.

Mchana huu ulipokwenda dukani niliingia kwenye gari lako. Sikugusa kitu. Umelipanga vizuri, pazia zile za kijani zimependeza. Nilikaa kiti cha abiria, nikafunga mlango. Jasho lilinitoka, moyo ukaenda mbio, nikahesabu vitu nje ili nitulie: ndoo, kuku, kamba ya nguo. Halafu jogoo wa jirani akaingia uani, akaanza kugombana na sura yake kwenye bampa yako, nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya gari, mlango umefungwa.

Kwa hiyo nina ombi. Kesho unapita Ushirombo. Ukishapita mji kidogo kuna njia ya kushoto inayoingia porini. Mama Shija amesema atatuelekeza. Nimemwachia jirani kuku na ufunguo. Nimefungasha begi dogo. Nataka unipeleke kwa baba yako. Sijui nitamwambia nini. Sijui kama nitarudi kwa basi kesho kutwa, au nitakaa nimsaidie kupakia vyombo vyake, au atakataa hata kutoka nje ya lile gari. Siahidi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Nimechoka tu kusubiri kiangazi.

Asubuhi usinijibu kwa maneno mengi, tutaharibu. Ukiona sawa, nifungulie mlango wa mbele. Ukiona si sawa, nipe mkono nikuage getini, na sitanuna, nakuahidi.

Ila nikipanda, dirisha la upande wangu liwe wazi safari nzima, hata mvua ikinyesha.

Mama yako anayekupenda na ambaye hajui kukwambia,
Minza